Bodi ya tathmini ya kigeuzi cha analogi-dijitali

Bodi ya tathmini ya kigeuzi cha analogi-dijitali ni bodi ya saketi inayotengenezwa na kampuni ya chipu ili mhandisi, mtafiti au mwanafunzi aweze kupima kigeuzi kabla ya kukitumia katika kifaa chake mwenyewe. Kigeuzi cha aina hii, ambacho hujulikana kwa kifupi kama ADC, hupokea volteji inayobadilika mfululizo na kutoa namba. Juu ya bodi huwa kuna chipu yenyewe, chanzo cha volteji rejea, amplifaya ya kupokea ishara, vichujio na soketi za kuunganisha nyaya.

Bodi hizi hutumika sana katika maabara za vyuo kwa sababu mwenye kuitumia halazimiki kubuni na kuchapisha saketi yake. Hata hivyo bodi haipimi chipu peke yake. Namba inayoonekana kwenye kompyuta imepitia jenereta ya ishara, waya, amplifaya, volteji rejea na saa ya kuchukulia sampuli, na kila kimoja huongeza kasoro yake. Ndiyo maana chipu nzima ya biti 16 huweza kuonekana kama ya biti 10 tu. Kazi kubwa ya kuiandaa bodi ni kujua kasoro inayoonekana imetoka wapi.

Historia fupi

Vigeuzi vya kwanza vilivyouzwa havikuhitaji bodi ya tathmini, kwani kigeuzi chenyewe kilikuwa kabati zima. Datrac, iliyotolewa mwaka 1954 na kampuni ya Epsco ya Marekani chini ya mhandisi Bernard Gordon, ilitumia vali za kioo, ilikuwa na biti 11, ilichukua sampuli 50,000 kwa sekunde, na ilitumia umeme wa wati 500 hivi. Uzito wake ulikuwa karibu kilo 68. Vigeuzi vilipoingia ndani ya chipu moja, tatizo liligeuka: chipu ilikuwa ndogo na nzuri kiasi kwamba mpangilio mbaya wa nyaya zinazoizunguka uliweza kuharibu matokeo yake yote. Kampuni kama Analog Devices na Texas Instruments zikaanza kutoa bodi zilizokwisha kupangwa vizuri, pamoja na programu ya kusoma data.

Sehemu zake

Kwa kawaida bodi huja kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza hubeba kigeuzi na saketi za analogi. Cha pili ni bodi ya kukusanyia data, yenye kidhibiti kidogo au chipu ya FPGA, inayopokea namba kwa kasi, kuzihifadhi kwenye kumbukumbu na kuzituma kwenye kompyuta kupitia USB. Kipande hicho cha pili mara nyingi huuzwa peke yake, na wanunuzi wengi hugundua jambo hilo siku ya kufungua boksi.

Kati ya amplifaya na mlango wa kigeuzi huwa kuna rezista na kapasita moja. Katika bodi nyingi za vigeuzi vya biti 16 vinavyochukua sampuli milioni 1 kwa sekunde, rezista huwa ya takriban omu 20 na kapasita ya nanofaradi 2.7. Viwili hivyo huchuja masafa yaliyo juu ya megahezi 2.95 hivi. Kapasita hiyo ina kazi nyingine isiyoonekana kwa haraka. Kila mara kigeuzi kinapoanza kuchukua sampuli, kapasita yake ya ndani hunyonya chaji ghafla kutoka kwenye mlango. Kapasita ya nje huwa akiba ya chaji hiyo, ili amplifaya isiyumbe. Mwanafunzi anayeiondoa ili "kupunguza vizuizi" kwa kawaida hupata matokeo mabaya zaidi.

Jampa, yaani vipini vidogo vya kuunganisha njia mbili, huamua mambo makubwa: kama volteji rejea ni ya ndani au ya nje, kama mlango unapokea ishara ya waya mmoja au wa jozi, na kama umeme unatoka kwenye USB au kwenye pawa saplai. Hali ya jampa zilivyotoka kiwandani huandikwa katika mwongozo wa bodi. Ni vizuri kuzikagua moja moja, kwa sababu bodi ya maabara ya chuo imeshapita mikononi mwa watu wengi.

Kuwasha bodi

Programu na kiendeshi chake huwekwa kwenye kompyuta kabla ya kuchomeka kebo ya USB, isipokuwa mwongozo ukisema vinginevyo. Kompyuta ikiitambua bodi kabla ya kuwa na kiendeshi sahihi, huweza kuipa kiendeshi kingine, na kukiondoa baadaye ni usumbufu.

Pawa saplai huwekwa kwenye volteji inayotakiwa na kikomo cha mkondo kidogo, huhakikiwa kwa multimita, kisha huzimwa, na hapo ndipo nyaya huunganishwa. Anayeshika bodi huvaa bangili ya kuondoa umemetuli, au angalau hugusa chuma kilichounganishwa na ethi kwanza.

Umeme wa bodi huwashwa kabla ya ishara. Wakati wa kuzima, ishara ndiyo hutangulia kuondolewa. Sababu yake ni kwamba ndani ya chipu, kila mlango una diodi za kinga zinazoelekea kwenye njia ya umeme. Ishara ikifika wakati chipu haina umeme, mkondo hupita kwenye diodi hizo na kujaribu kuiwasha chipu kwa mlango wa nyuma. Chipu nyingi hazivumilii mlango wenye volteji inayozidi umeme wake kwa zaidi ya volti 0.3.

Kosa linaloua bodi nyingi zaidi linatokana na skrini ya jenereta. Jenereta nyingi za ishara hudhani zimeunganishwa na mzigo wa omu 50, na huonyesha volteji itakayopatikana kwenye mzigo huo. Mlango wa bodi ukiwa na ukinzani mkubwa, volteji halisi huwa mara mbili ya ile inayoonyeshwa. Mtu anayetaka wimbi la volti 4 kutoka kilele hadi bonde, likizunguka volti 2.5, huandika namba hizo na kujiona yuko salama ndani ya kigeuzi cha volti 0 hadi 5. Kumbe mlangoni linafika wimbi la volti 8 linalozunguka volti 5, yaani kutoka volti 1 hadi volti 9. Dawa yake ni kubadilisha mpangilio wa jenereta uwe wa ukinzani mkubwa, na kuliangalia wimbi kwenye osiloskopu kabla ya kuligusisha bodi.

Jaribio la kwanza: mlango uliotulia

Kabla ya kutuma wimbi lolote, kigeuzi hupewa volteji isiyobadilika na kusomwa mara elfu kadhaa. Kigeuzi cha biti 16 chenye rejea ya volti 5 kina hatua 65,536, na kila hatua ni mikrovolti 76.3. Kigeuzi kamilifu kingetoa namba moja tu. Kigeuzi halisi hutoa namba kadhaa jirani, ambazo zikichorwa kwa histogramu hufanya kilima chenye umbo la kengele.

Upana wa kilima hicho ndio kelele. Mkengeuko sanifu ukiwa hatua 0.6, kwa mfano, huzidishwa kwa 6.6 ili kupata upana wa karibu hatua 4, na kigeuzi hubaki na biti 14 zisizoyumba. Kilima chenye vilele viwili au chenye mapengo ni dalili kwamba kuna ishara ngeni inayoingia, au laini ya data inasomwa vibaya.

Katika kigeuzi kinachosoma volti 0 kwenda juu tu, kuunganisha mlango na ardhi si jaribio zuri. Kelele inayoshuka chini ya sifuri hukatwa, namba zote hurundikana kwenye 0, na kigeuzi huonekana safi kuliko kilivyo. Hapo hutumiwa volteji ya katikati, mfano volti 2.5. Chanzo kizuri cha volteji tulivu hakihitaji kuwa cha gharama: betri za kawaida za tochi, zikigawanywa kwa rezista mbili na kuwekewa kapasita, huwa na kelele ndogo kuliko pawa saplai nyingi za mezani. Volteji yake hushuka polepole, lakini ndani ya sekunde chache za jaribio hilo halina madhara.

Volteji rejea na joto

Kigeuzi hakipimi volti. Hulinganisha ishara na rejea. Rejea ikisogea, kila jibu husogea nayo, na hakuna kitu ndani ya data kitakachoonyesha hivyo. Rejea inayobadilika sehemu 10 kwa milioni kwa kila nyuzi ya selsiasi husogea mikrovolti 50 kwa nyuzi ikiwa ni ya volti 5. Chumba kikipanda kutoka nyuzi 22 asubuhi hadi 32 mchana, badiliko ni mikrovolti 500, zaidi ya hatua 6 za kigeuzi cha biti 16 ishara inapokaribia kiwango kamili. Kwa maabara isiyo na kiyoyozi jambo hili si dogo. Bodi huachwa ikiwaka hadi joto lake litulie, hufunikwa isipigwe na upepo wa feni, na joto la chumba huandikwa pamoja na data.

Multimita ya kawaida haiwezi kutumika kuhukumu usahihi wa kigeuzi cha namna hiyo. Yenye kosa la asilimia 0.5 huweza kukosea milivolti 25 katika volti 5, ambazo ni zaidi ya hatua 300. Hutosha kujua kwamba rejea ipo. Haitoshi kujua ni ngapi hasa.

Jaribio la wimbi

Hapa ndipo matokeo mengi hupotoka. Wimbi la sini hutumwa mlangoni kwa ukubwa unaokaribia kiwango kamili, kwa kawaida desibeli 0.5 hadi 1 chini yake, na namba zinazopatikana hupitishwa kwenye mgeuzo wa Fourier ili kuona masafa yaliyomo. Kwa kigeuzi kamilifu cha biti N, uwiano wa ishara na kelele ya hatua ni 6.02N + 1.76 desibeli. Kwa biti 16 ni desibeli 98. Kanuni hiyo hutumika pia kinyumenyume: uwiano uliopimwa, ukihesabu kelele na harmoniki pamoja, hupunguzwa 1.76 na kugawanywa kwa 6.02, na jibu huitwa idadi ya biti halisi.

Tatizo ni kwamba jenereta nyingi za kawaida hutoa wimbi lenye harmoniki zilizo desibeli 60 tu chini ya wimbi lenyewe. Ukilituma wimbi hilo kwenye kigeuzi kizuri, kigeuzi hulipima kwa uaminifu, kasoro zake zikiwemo. Hesabu hutoa (60 − 1.76) ÷ 6.02, yaani biti 9.7. Ripoti husema chipu ni mbovu, ilhali kilichopimwa ni jenereta. Suluhisho ni kuweka kichujio kati ya jenereta na bodi, kinachopitisha masafa ya jaribio na kuzuia harmoniki zake. Kama hakuna kichujio, njia rahisi ya kumtambua mkosaji ni kupunguza ishara kwa kipunguzi cha rezista bila kugusa jenereta. Harmoniki zikibaki katika uwiano uleule na wimbi, zinatoka kwenye jenereta. Zikishuka haraka kuliko wimbi, zinatoka kwenye amplifaya au kigeuzi.

Masafa ya wimbi huchaguliwa ili mizunguko kamili itimie ndani ya sampuli zinazochukuliwa. Kwa sampuli 8,192 zinazochukuliwa kwa kasi ya milioni 1 kwa sekunde, mizunguko 83 hutoa hezi 10,131.84. Namba 83 ni tasa, hivyo sampuli haziangukii sehemu zilezile za wimbi kila mzunguko. Ili mpango huu ufanye kazi, jenereta na saa ya bodi lazima zifungwe pamoja, mara nyingi kwa ishara ya megahezi 10 inayotoka upande mmoja kwenda mwingine. Zisipofungwa, nishati ya wimbi huvuja na kutapakaa pembeni kwenye grafu, na hapo hutumiwa dirisha la Hann au la Blackman-Harris kupunguza uvujaji.

Grafu yenyewe ina mtego wake. Sakafu ya kelele inayoonekana chini si uwiano wa ishara na kelele, kwa kuwa kelele imegawanywa katika visanduku vingi. Kwa sampuli 8,192 kuna visanduku 4,096, na sakafu hushuka desibeli 36 zaidi. Kigeuzi chenye uwiano wa desibeli 98 huonyesha sakafu kwenye −134 hivi. Anayeisoma sakafu hiyo kama jibu hujipatia kigeuzi cha biti 22 ambacho hakipo.

Saa

Saa inayoamua lini sampuli ichukuliwe haina budi kuwa thabiti, maana kuchelewa kidogo kwenye wimbi linalopanda kwa kasi ni sawa na kusoma volteji isiyo yake. Madhara hukua pamoja na masafa. Kwa wimbi la kilohezi 10, mtikisiko wa pikosekunde 200 ndio kwanza unalingana na kelele ya biti 16, kwa hiyo saa yoyote ya kioo cha kwatsi iliyo nzuri kiasi inatosha. Kwa wimbi la megahezi 100, mtikisiko wa pikosekunde 1 tu hushusha uwiano hadi desibeli 64, yaani biti 10 na kidogo, hata kama chipu ina biti 14. Saa inayotoka kwenye FPGA ya bodi ya data kwa kawaida haifai kwa kazi hiyo ya masafa ya juu.

Ardhi na umeme wa ukutani

Mistari ya hezi 50, 100 na 150 kwenye grafu hutoka kwenye umeme wa ukutani, na mara nyingi huingia kwa sababu jenereta, osiloskopu na kompyuta zimechomekwa kwenye soketi tofauti za ukutani, kila kimoja na waya wake wa ethi, kisha zikaunganishwa tena kupitia ardhi za kebo. Duara hilo la ardhi hunasa uga wa sumaku kama antena. Kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja hupunguza ukubwa wa duara. Kompyuta mpakato ikichomolewa chaja na kutumia betri, kelele ikapungua papo hapo, chanzo kimejulikana.

Mistari hiyo haionekani katika kila grafu. Kwa sampuli 8,192 na kasi ya milioni 1, kila kisanduku kina upana wa hezi 122, hivyo hezi 50 humezwa pamoja na volteji isiyobadilika. Kuiona kunahitaji sampuli nyingi zaidi: 131,072 hutoa visanduku vya hezi 7.6.

Vigeuzi vya taratibu vya aina ya sigma-delta, vinavyotumika kwa vipimajoto na mizani, vina kichujio cha ndani cha kuzima umeme wa ukutani. Marekani hutumia hezi 60, na mifano ya mipangilio katika miongozo huweza kufuata masafa hayo. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia hezi 50. Kichujio kilichowekwa kwa kasi ya sampuli 60 kwa sekunde hakiizimi hezi 50 inavyopasa, ilhali kasi ya sampuli 10 kwa sekunde huzima zote mbili, kwa kuwa 50 na 60 ni mafungu kamili ya 10.

Maabara zisizo na bodi ya tathmini

Majaribio mengi yaliyotajwa hapa yanaweza kufanywa kwa vifaa vya bei ndogo. Kigeuzi kilichomo ndani ya Arduino Uno kina biti 10, na hatua yake ni karibu milivolti 4.9 rejea ikiwa volti 5. Rejea hiyo kwa kawaida ni umeme wa USB wenyewe, kwa hiyo kubadilisha kompyuta au chaja kunabadilisha majibu. Rejea ya ndani ya volti 1.1 huwa tulivu zaidi, ingawa thamani yake halisi hutofautiana kati ya chipu na chipu na inafaa kupimwa. Moduli ya ADS1115, yenye biti 16 na kasi isiyozidi sampuli 860 kwa sekunde, ina rejea yake ndani. Kwa ishara ya waya mmoja hutumia nusu tu ya namba zake, kwani nusu nyingine ni ya volteji hasi, na hivyo hubaki na biti 15. Histogramu ya betri ya tochi ikichorwa kwa vifaa hivyo viwili, mwanafunzi huiona mwenyewe tofauti ya kelele na tofauti ya rejea.

Kumbukumbu za jaribio

Daftari la maabara huandikwa hali ya jampa, volteji za umeme, rejea iliyotumika, kasi ya sampuli, idadi ya sampuli, aina ya dirisha, jenereta na kichujio chake, pamoja na muundo wa namba. Hilo la mwisho husahaulika: vigeuzi vingine hutoa namba kuanzia 0, vingine hutoa namba zenye alama ya hasi, na faili iliyosomwa kwa muundo usio wake huonyesha wimbi lililokatwa katikati na vipande vyake kubadilishana nafasi. Njia za kupima zenyewe zimeelezwa katika kiwango cha IEEE 1241, na karatasi za data za chipu hutaja masharti ambayo kila namba ilipimwa chini yake. Matokeo ya maabara hulinganishwa na karatasi hiyo pale tu masharti ya wimbi, rejea na joto yanapofanana.